Nani anamlinda kijana anayejaza upepo tairi la trela?

Ukishuka matatu Mlolongo jioni, utawaona kabla hujavuka barabara. Vijana wawili watatu, ovaroli zimegeuka rangi ya lami, kompresa inanguruma kando ya mtaro. Mmoja amechuchumaa juu ya tairi la trela, ameshikilia kichwa cha mpira wa hewa kwenye valvu kwa vidole vyake. Wengine hata hulikalia kabisa kama kigoda, wakipiga stori huku upepo ukiingia.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Karo ya chuo iliponishinda, nilijiambia nitatafuta kazi ya mkono miezi miwili, nirudi darasani Septemba. Miezi miwili ikawa minane, na darasani sikurudi. Kazi niliyopata ni hii ya matairi, kwenye karakana moja ya kando ya barabara kuu ambayo sitaitaja. Mafunzo yangu yalichukua kama dakika kumi. Bosi alinionyesha leva, nyundo, geji na pale kompresa inapowashwa, akaniambia, "Ukiona imefika mia na kumi, toa." Hayo ndiyo yalikuwa masomo yote. Jambo la pekee la usalama nililoambiwa siku hiyo ni kwamba nisiache spana nje usiku.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo. Najua wengi wetu tulitoroka hesabu, lakini hii ni rahisi.

Tairi la gari dogo, hizi Probox na Vitz, linajazwa presha ya kama 32, yaani pauni 32 kwa kila inchi moja ya mraba. Tairi la trela linabeba 110, wakati mwingine 120. Ukipima ubavu mmoja wa tairi hilo kubwa, kuanzia kwenye rimu hadi nje, utapata zaidi ya inchi za mraba 900. Zidisha 900 kwa 110. Ni pauni 99,000, karibu tani 45. Ndiyo, nguvu hiyo imesambaa kwenye ubavu mzima, haikusanyiki mahali pamoja. Hata hivyo linganisha na hii: kikomo cha uzito wa trela la ekseli saba, mzigo na gari kwa pamoja, katika Afrika Mashariki ni tani 56. Kwa hivyo kijana aliyekalia tairi lile amekalia nguvu inayokaribia uzito wa trela zima, na kinachomtenganisha nayo ni mpira na nyuzi za chuma ambazo hajui zimepitia nini.

Hapo kwa nyuzi ndipo stori yangu ilipo.

Ilikuwa asubuhi, trela limetoka Mombasa na dereva ana haraka kama madereva wote. Magurudumu ya nyuma ya trela huwa mawili mawili, moja la nje na jingine la ndani, yamebanana. La ndani likiisha upepo, dereva haoni kitu. La nje linabeba mzigo wa wenzake wawili, gari linaendelea kutembea, na lile la ndani linasagika kilomita baada ya kilomita. Utingo alituambia walihisi kitu kama Emali hivi lakini hawakusimama. Kutoka Emali hadi Mlolongo si mchezo.

Tulitoa tairi, tukapata msumari, tukaziba. Kwa nje lilikuwa linapendeza tu, tredi bado nene. Bosi alisema liko sawa. Mwenzangu, kijana wa rika langu aliyenitangulia kazini mwaka mmoja, akalilaza chini, akainama juu yake na kuanza kujaza. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua maji ya sabuni ya kuangalia kama kiraka kinavuja. Nilisikia kasauti kadogo, ta, ta, ta-ta, kama bisi zinapoanza kupasuka kwenye sufuria. Yeye pia alikasikia maana aliinamisha sikio. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua maana yake.

Mlipuko wenyewe siwezi kuuelezea vizuri. Masikio yangu yalikuwa yanalia kwa siku tatu. Yeye nilimpata mita kadhaa kutoka pale alipokuwa, mkono umekatika mifupa mahali pawili na taya limehama. Ubavu wa tairi ulikuwa umefunguka kwa mstari mmoja mrefu, safi, kama mtu aliyefungua zipu ya jaketi.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hata wataalamu huuita hivyo hivyo, mpasuko wa zipu. Inafanyika namna hii. Ndani ya ubavu wa matairi ya kisasa ya malori kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizopangwa kama mbavu. Tairi likitembea bila upepo wa kutosha, ubavu unakunjika na kukunjuka kwa kila mzunguko, maelfu kwa maelfu ya mara. Umewahi kuchukua waya ukaukunja huku na huku mpaka ukakatika? Ni kitu kile kile. Nyuzi zinachoka, na zingine zinakatika huko ndani bila dalili kubwa kwa nje. Ukija kulijaza tena, uzi mmoja unashindwa, jirani yake anabeba mzigo wa wawili, naye anashindwa, na wote wanafuatana. Ile sauti ya bisi ni nyuzi zinazokatika. Ukiisikia, kazi yako ni moja tu: kuondoka hapo na kufungulia upepo ukiwa mbali. Usiinamishe sikio. Nasema hivi kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mtu yeyote angefanya, mimi mwenyewe ningefanya.

Kuna sheria rahisi inayotumika Marekani, na imeandikwa kwenye kanuni zao za kazini: tairi likiwa limetembea na presha ya asilimia 80 au chini ya inayotakiwa, halijazwi tena hivi hivi. Linatolewa upepo wote, linavuliwa kwenye rimu, linakaguliwa ndani na nje kwanza. Kwa tairi la 110 hiyo ni kama 88. Lile letu lilikuwa sufuri.

Njia ya pili ya kuumia ni ya zamani zaidi, na mafundi wazee wanaijua kuliko mimi. Ni ringi. Malori ya mchanga na ya kokoto, haya makongwe yanayotumia saizi ya 1000-20 yenye tyubu, mengi rimu zake ni za vipande. Kuna rimu yenyewe, halafu kuna ringi ya chuma inayokaa kwenye mfereji wake na kulifunga tairi lisitoke. Ringi ikiwa na kutu, au imepinda, au ni ya rimu nyingine iliyookotwa kwenye vyuma chakavu ikalazimishwa, inaweza kukaa kama imeshika kumbe haijashika. Upepo ukipanda, inaruka kama sahani. Mtu aliyeinama juu yake hana nafasi.

Na unajua tunafanyaje ringi ikikataa kukaa? Tunaipiga nyundo. Upepo ukiwa ndani! Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikikumbuka napata baridi. Wenye akili kidogo hulaza tairi ringi ikiangalia chini, au hupitisha leva katikati ya mashimo ya rimu ili ringi ikiruka ikwame hapo. Ni afadhali kuliko kutofanya kitu, lakini usidanganyike. Ukigeuza ringi chini, basi ni tairi zima ndilo litakaloruka juu, na leva nayo inageuka mkuki.

Dawa yenyewe si ya kiajabu. Ni kizimba cha vyuma. Unaviringisha tairi ndani ya kizimba, unashikiza kichwa cha mpira wa hewa kwenye valvu, kile cha kujing'ang'aniza chenyewe bila kushikwa, halafu unarudi nyuma na kujazia kutoka mbali, geji na kifungulio vikiwa mkononi mwako upande wa pili wa mpira mrefu. Huegemei kizimba. Husimami ubavuni mwa tairi, unasimama upande wa tredi. Kikilipuka, kinalipuka na vyuma. Marekani iliweka kanuni hii mwaka 1980 kwa rimu za vipande, na mwaka 1984 ikaongeza rimu za kipande kimoja. Sisi wa Mlolongo tuko nyuma ya teknolojia ambayo haina hata waya wa umeme ndani yake.

Nitoe tahadhari hapa kwa sababu najua vijana wa Kariobangi tayari wanawasha mashine za kuchomelea. Kizimba si mabomba ya nondo yaliyounganishwa tu yakapakwa rangi. Kanuni hiyo ya Marekani inataka kistahimili nguvu kubwa zaidi inayoweza kutokea rimu ikiachia kwa presha ya mara moja na nusu ya kiwango cha juu kabisa cha tairi. Kizimba dhaifu kinaongeza vipande vya kuruka.

Na tukiwa bado kwa kuchomelea: usichomelee rimu ambayo tairi liko juu yake. Hata ukitoa upepo. Joto linaunguza mpira kwa ndani, gesi inajikusanya, na kinachotokea baada ya hapo kinaweza kuwa kibaya kuliko yote niliyosema.

Sasa, sheria ya Kenya inasema nini? Nilidhani haisemi kitu. Nilidhani sisi wa kando ya barabara tuko nje ya kila kitu, kwamba "usalama kazini" ni mambo ya viwanda vyenye geti na askari na mabango ya kofia. Nilikosea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haisemi kiwanda. Inasema mahali pa kazi, na mahali pa kazi ni popote ambapo mfanyakazi yuko akifanya kazi. Kibanda cha mabati na kompresa moja kimo. Kinatakiwa kisajiliwe na Idara ya Usalama na Afya Kazini. Mwenyewe anatakiwa awape wafanyakazi mafunzo, vifaa na usimamizi. Hata lile tangi la kompresa limetajwa: linapaswa kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Letu valvu yake ya usalama ilikuwa imefungwa kwa waya kwa sababu ilikuwa "inasumbua", na kila mtu alijua.

Ajali ikitokea mtu akafa, mwajiri anatakiwa kuarifu ndani ya saa 24. Mtu akiumia bila kufa, taarifa ya maandishi iende ndani ya siku saba. Ajali ya mwenzangu iliarifiwa wapi? Iliarifiwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva, na picha ya tairi.

Halafu kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, hii wanayoiita WIBA, nayo ya 2007. Ilipigwa vita mahakamani miaka mingi mpaka Mahakama ya Juu ikaibariki Desemba 2019. Hapa nataka kila kijana wa gereji asome polepole. Mfanyakazi kwa mujibu wa sheria hiyo ni pamoja na mwanagenzi. Wewe unayeambiwa "unajifunza tu, utalipwa ukijua kazi", umo. Mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili yako, na gharama za matibabu zinazotokana na ajali ya kazini ni zake. Ukipata ulemavu wa kudumu kabisa, au ukifa, fidia inahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12.

Miezi 96 ya mapato. Mwenzangu alikuwa akipata shilingi mia tano siku nzuri, mia mbili siku mbaya, na siku zingine chai na mandazi. Hakuna karatasi. Hakuna hata ujumbe wa M-Pesa, maana tulilipwa taslimu jioni. Ukienda kudai, swali la kwanza ni, ulikuwa unalipwa ngapi, na nani anaweza kuthibitisha? Kwa hivyo ushauri wangu mdogo kabisa kwa vijana wa kazi za mkono ni huu: ombeni kulipwa kwa simu, hata kama ni mara moja kwa wiki. Ule ujumbe wa simu ndio barua yako ya ajira.

Bosi wetu alilipa bili ya siku ya kwanza. Sitasema alikuwa mtu mbaya, alilia, nilimwona. Alituma pia elfu tatu wiki ya pili. Baada ya hapo simu ikawa haishikwi. Familia ilifanya mchango, mama akauza ng'ombe. Na hapa ndipo watu huuliza, kwani bima ya afya ya serikali iko wapi? Kwa asiye na ajira rasmi, mchango wa SHA hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa mtu anayelala na mia mbili mfukoni, 3,600 kwa mpigo ni pesa ya kupangia. Lakini mimi naona swali lenyewe limepotoka. Jeraha la kazini si mzigo wa mgonjwa wala wa mama yake kwanza. Ni la mwenye kompresa. Tumezoea sana kuchanga hadi tumesahau kuuliza nani alipaswa kulipa.

Tena si mwenye kompresa peke yake. Fikiria mnyororo mzima. Mwenye lori yuko ofisini, anahesabu safari. Dereva analipwa kwa safari, akisimama Emali kubadilisha tairi anapoteza saa mbili na zamu yake bandarini. Bosi wa karakana anajua akimwambia dereva "hili tairi limetembea bila upepo, silijazi, tupa", dereva atavuka barabara aende kwa jirani, na jirani atalijaza. Tairi jipya la trela ni pesa ndefu, kiraka ni mia kadhaa. Kila mtu kwenye mnyororo huo ameokoa kitu. Gharama yote imeteremka mpaka kwa mtu wa mwisho, yule aliyechuchumaa, ambaye hana wa kumteremshia.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia watu wakisema vijana hawa ni wazembe, mbona hawavai hata miwani. Miwani ya nini mbele ya tani 45? Kofia itakusaidia kuvutwa kwenye picha ya wafadhili. Kosa liko kwenye mahali unaposimama na urefu wa mpira ulioshika. Mpira wa kompresa yetu ulikuwa na urefu wa kama mita moja na nusu, umeungwa mara mbili kwa waya, kwa hivyo hata ungetaka kusimama mbali usingeweza. Kile kichwa cha kushika kwa vidole kinakulazimisha kuinama. Vifaa vyenyewe ndivyo vilivyomweka mwenzangu pale alipokuwa.

Serikali nayo kila mwaka inaimba kozi za ufundi, vijana wajiunge na vyuo vya kiufundi, waachane na ndoto za ofisi. Sawa. NITA inatoa mitihani ya ufundi, hata kwa mtu aliyejifunzia kazi mtaani, na ni jambo zuri. Lakini wengi wanaojaza matairi kutoka Mariakani hadi Malaba hawajioni kama watu wenye ufundi wa kupimwa. Wanajiona wanasukuma siku. Mafunzo yanayoweza kuwaokoa ni ya asubuhi moja, na yanafaa yawafuate pale pale mtaroni, sehemu malori yanapopanga foleni ya mizani, siku isiyo ya soko.

Kampuni kubwa za malori zinaweza kufanya mengi zaidi ya wakaguzi. Zinajua karakana ambazo madereva wao hutumia, maana risiti huletwa. Kampuni ikisema hatulipi risiti ya karakana isiyo na kizimba, kufikia mwisho wa mwezi Mlolongo nzima itakuwa na vizimba. Hilo halihitaji bunge.

Nilipita pale wiki iliyopita. Karakana bado ipo, bosi ni mwingine, kompresa ni ile ile. Kulikuwa na kijana mpya, hajafika miaka ishirini kwa kumwangalia, amechuchumaa juu ya tairi. Nilimsalimia, nikamwuliza kama tairi hilo lilikuja limelala. Akasema, "Limelala kabisa bro, lakini halina shida, ni msumari tu."

Nikamwambia afungue upepo, tuliangalie ndani kwanza. Akaniangalia juu hadi chini, akaangalia dereva aliyekuwa amesimama na funguo mkononi, akaniuliza, "Kwani wewe ni wa serikali?"

Nikasema hapana, nilikuwa nafanya kazi hapa. Nikamweleza ile sauti ya bisi. Dereva akaanza kulalamika kwamba ana foleni Malaba. Yule kijana alifikiria kidogo, akachomoa kichwa cha mpira, akafungulia upepo. Tulipolivua, ukipapasa ubavu kwa ndani ulisikia mawimbi chini ya vidole, na mpira ulikuwa umesagika unga mweusi.

Dereva alilipakia tairi lake hivyo hivyo nyuma ya trela na kuvuka barabara kwa jirani. Kijana hakulipwa kitu. Nilimpa mia mbili ya chakula cha mchana, tukahesabu pamoja bei ya mpira wa mita tano na kichwa cha kujishika, akasema atamwomba bosi Jumamosi.